Kustaafu Tabora: Mwongozo kwa Anayeaga Migodi ya Geita na Shinyanga

Mfanyakazi wa mgodini huijua tarehe ya mshahara kuliko tarehe ya kustaafu. Zamu ya usiku inaipokea ya mchana, basi la kampuni linapiga honi barabarani, kantini inafunguliwa na kufungwa, na miaka inakatika. Kisha inakuja barua. Umri umetimia, au mkataba haukuhuishwa, au mgodi wenyewe umefika mwisho wa uhai wake. Hapo swali lililokuwa la utani ndani ya basi linageuka kuwa la kweli: sasa mzee, unakwenda kuishi wapi?

Majibu ya kawaida ni mawili. Wapo wanaorudi kijijini, Maswa, Bariadi, Sengerema au kokote walikozikwa babu zao. Wapo wanaobaki palepale, Geita mjini, Katoro au Kahama, kwa kuwa ndipo walipojenga na ndipo watoto wanaposoma. Mwongozo huu unamwomba msomaji aongeze jibu la tatu kwenye hesabu zake: kuhamia mji wa kale, wa ukubwa wa wastani, usio mbali sana na nyumbani, ambao bei zake hazipandi na kushuka pamoja na dhahabu. Kwa watu wa ukanda huu, mji huo ni Tabora.

Wenzetu wa Ulaya wamelizoea jambo hili. Mwingereza anayeona London imemshinda huuza nyumba yake na kuvuka bahari kwenda mji wa Ufaransa wenye kanisa la kale, soko la Jumamosi, hospitali ya maana na stesheni ya treni. Huenda na fomu iitwayo S1, ambayo humaanisha kwamba nchi inayomlipa pensheni ndiyo itakayobeba gharama za matibabu yake ugenini. Anayetoka Geita kwenda Tabora hahitaji viza wala kujifunza lugha, lakini vigezo vya kuuchagua mji ni vilevile: hospitali, maji, usafiri, bei za kawaida, na watu watakaokuzika.

Kwa nini usibaki kwenye dhahabu

Kwanza tuweke jambo moja wazi. Geita na Kahama si miji mibaya. Kahama ni mji wa biashara wenye mchele wake na barabara kuu ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na ndiyo maana haukuzimika uzalishaji wa mgodi wa Buzwagi ulipokoma mwaka 2021, baada ya miaka 12 tu tangu ulipoanza 2009. Geita nayo imekuwa makao makuu ya mkoa tangu 2012, na tangu Juni 2025 mtu anavuka kutoka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja la kilomita tatu bila kusubiri kivuko.

Tatizo liko kwenye mfuko wa mstaafu. Mji wa mgodi hupanga bei kwa kuangalia mishahara ya walio kazini. Kodi ya nyumba, ada za shule, hata sato sokoni, vyote vinamfuata mtu mwenye zamu. Pensheni haina zamu. Bei ya dhahabu ikipanda katika soko la dunia, muuzaji wa Geita anaisikia siku hiyohiyo, lakini mstaafu haongezewi hata senti. Dhahabu ikishuka au mgodi ukifungwa, nyumba aliyojenga kwa akiba ya maisha inakosa mpangaji.

Mwadui ina somo lake. Tangu John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipogundua almasi hapo mwaka 1940, mji mzima ulijengwa ndani ya uzio wa mgodi, wenye nyumba, hospitali na shule. Waliokulia humo husimulia maisha mazuri, na ni kweli yalikuwa mazuri, ila nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, na funguo zinarudi. Kuishi jirani na mgodi nako kuna hatari zake: Novemba 2022 bwawa la mabaki ya mgodi huo lilipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi ya vijiji vya jirani.

Halafu kuna duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawapendi kulizungumza. Mtu aliyefanya kazi mgodini anaujua mwamba, au anadhani anaujua. Akipata mkupuo wake wa mafao ya kustaafu, wanamfuata vijana wa Nyarugusu au Mgusu wenye jiwe mkononi na hadithi ya mshipa ulioonekana jana. Wanachohitaji ni mfadhili wa magogo, pampu, chakula cha wanaapolo na pesa ya karasha. Wapo waliofanikiwa, na hao ndio wanaotajwa. Mstaafu akiishi mbali, angalau simu hiyo itamkuta ana nafasi ya kulala kwanza kabla ya kujibu.

Hesabu kabla ya ndoto

Wafanyakazi wengi wa migodi, kwa kuwa ni wa sekta binafsi, wako NSSF. Umri wa kustaafu kwa hiari unaanzia miaka 55, wa lazima ni 60, na ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Hapa ndipo watu wa mikataba wanapojikwaa. Miaka mitatu kwa mkandarasi mmoja, miwili kwa mwingine, mwaka mzima bila kazi katikati, na mtu anafika 55 akiwa na miezi 150, huku mmoja wa wakandarasi akiwa hakupeleka michango ipasavyo. Taarifa ya michango inapatikana kwa simu. Itazame kila mwaka, usisubiri barua. Miezi isiyoonekana hudaiwa kwa urahisi zaidi kampuni ikiwa bado ipo na hati za mshahara bado unazo.

Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kinatumia sehemu moja ya 580 kwa kila mwezi wa mchango, wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora katika kumi ya mwisho, na kizidishio cha 12.5 kwenye mkupuo. Lugha hiyo huwakimbiza watu, kwa hiyo tuchukue mfano. Mtu amechangia miezi 240, na wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi, sawa na 18,000,000 kwa mwaka. Gawa 240 kwa 580, zidisha kwa 18,000,000: unapata kama 7,448,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha mkupuo cha asilimia 33 kilichoanza nacho kikokotoo hicho, mkupuo wake ni kama shilingi milioni 30.7, na pensheni yake ya mwezi ni kama 415,000. Viwango vya mkupuo vimepandishwa tangu hapo, na mkupuo ukiongezeka pensheni ya mwezi inapungua, hivyo omba makadirio yako mwenyewe kwa maandishi kutoka tawi lako kabla ya kuamua lolote.

Iangalie hiyo 415,000 kwa macho ya mtu aliyekuwa akipokea milioni moja na nusu. Ndiyo itakayolipa umeme, dawa za presha, vocha na mchango wa harusi ya mpwa. Mji wa kustaafia unachaguliwa kwa kuitazama namba hiyo, na mkupuo uwekwe kando kabisa wakati wa kufanya hesabu hii.

Hayumo katika hesabu hizo mchimbaji mdogo, ambaye tangu Machi 2019 amekuwa na soko rasmi la dhahabu pale Geita lakini hana mwajiri wa kumchangia. NSSF inawapokea waliojiajiri kwa uchangiaji wa hiari. Anayeanza akiwa na miaka 35 ana muda wa kutosha kabisa wa kufikisha miezi 180.

Jambo dogo linaloumiza wengi: majina. Katika ukanda huu mtu anaitwa Ng'wandu nyumbani, Mwandu kwenye kitambulisho cha NIDA, na kwenye orodha ya mshahara karani alimwandika Mwando. Alipobatizwa akapata Emmanuel, nalo likaingia benki peke yake. Kompyuta ya mfuko haimjui huyo kama mtu mmoja. Kiapo cha majina mbele ya wakili na marekebisho ya taarifa ni kazi ya siku chache ukiwa bado kazini, na ya miezi mingi ukiwa umeshahama. Wakati huohuo sahihisha orodha ya wategemezi. Kama kuna familia ya pili kule Katoro, mzee, itaje sasa. Isipotajwa itajitaja yenyewe siku ya msiba.

Usiondoke bila picha ya kifua

Vumbi la mwamba lina silika. Mtu aliyelivuta kwa miaka anaweza kupata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiotibika ambao wakati mwingine hujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi, na unaoongeza sana uwezekano wa kupata kifua kikuu. Mashine nazo huharibu masikio polepole kiasi kwamba mke ndiye anayegundua kwanza. Ndiyo maana kipimo cha afya cha kutoka kazini si cha kuruka: picha ya kifua, kipimo cha upumuaji, kipimo cha usikivu. Dai nakala zako na uzihifadhi pamoja na mkataba. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa fidia ya magonjwa yatokanayo na kazi, lakini lazima uonyeshe kwamba ugonjwa na kazi vinahusiana. Daktari wa Tabora hawezi kujua ulikuwa ukifanya nini chini ya ardhi mwaka 2009 usipomletea karatasi.

Bima ya kampuni huisha ajira inapoisha. Uliza mapema ni njia ipi ya bima itakayokufaa baada ya hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na utekelezaji wake ni wa kufuatiliwa kwa karibu. Ukishafika 60, ulizia pia kitambulisho cha mzee na dirisha la wazee katika hospitali za serikali. Usione haya. Dirisha hilo limewekwa kwa ajili yako.

Mji wenyewe

Tabora ni mji wa watu zaidi ya 300,000 kwa sensa ya 2022, ulioko kwenye uwanda wa juu wa kama mita 1,200. Misafara ya pembe na watumwa iliufanya kuwa njia panda ya Bara zima; Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliukuta ukiitwa Kaze, una wafanyabiashara Waarabu waliojenga tembe zao na kupanda miembe. Miembe hiyo, au watoto wake, bado inafunika barabara nyingi za mji. Kule Kwihara, nje kidogo ya mji, ipo tembe waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na sasa ni makumbusho. Huko ndiko Mirambo alikowatoa jasho Waarabu, na mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti Januari 1893 kuliko kuingia mikononi mwa Wajerumani. Boma la Wajerumani lingali limesimama. Nyerere alisoma Shule ya Tabora, akarudi kufundisha St. Mary's, na Januari 1958 mkutano wa TANU wa hapohapo Tabora ndio uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu.

Hata dhahabu ilipita. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamefungiwa njia ya baharini na Waingereza, walifua Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zipatazo 16,000, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, katika Singida ya leo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini, na ufuaji ukaisha. Leo sarafu moja ya Tabora inathaminiwa na wakusanyaji wa Ulaya kwa bei ambayo ingenunua kiwanja kizuri Isevya, lakini Tabora yenyewe ilishaisahau habari hiyo na kurudi kwenye tumbaku na asali.

Historia haiponyi malaria, na hapa ndipo ukweli mchungu ulipo. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022, mkoa wa Tabora uliongoza kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, karibu mmoja kati ya wanne. Mtu mzima wa Geita ana mazoea nayo, lakini wajukuu watakaokuja likizo kutoka Dar es Salaam hawana. Wavu wa madirishani uwe wa kwanza katika orodha ya manunuzi, kabla ya makochi. Septemba na Oktoba kuna joto kavu na vumbi, na asiyependa vumbi baada ya miaka 20 ya mgodini ana haki ya kulalamika. Ziwa halipo. Aliyezoea kukaa ufukweni Mwanza jioni atalikumbuka. Tabora itampa bwawa la Igombe, basi.

Kwa upande mwingine, maji ya Ziwa Victoria yamemtangulia. Bomba lililoanzia Ihelele na kufika Kahama na Shinyanga mwaka 2009 liliendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora, na mji uliokuwa ukipanga ndoo kila kiangazi sasa una chanzo kisichokauka. Mgawo wa mtaa kwa mtaa bado hutofautiana, hivyo uliza majirani, usimuulize dalali.

Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete. Kwa mambo makubwa zaidi kuna Nkinga wilayani Igunga, hospitali ya misheni ambayo watu wa kanda nzima huiendea, kisha Bugando Mwanza, na upande wa pili Benjamin Mkapa Dodoma, kwa lami kupitia Itigi na Manyoni. Mwenye moyo au figo zenye matatizo asijidanganye: kwake Mwanza au Dodoma ndiyo chaguo la busara, Tabora aje kutembelea.

Usafiri ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kutoka Kahama unapita Isaka, Tinde na Nzega, kisha kama kilomita 115 za lami hadi Tabora. Reli ya zamani kutoka Mwanza kupitia Shinyanga na Isaka imefika Tabora tangu 1928, na reli ya kisasa, SGR, inajengwa katika njia hiyohiyo. Msukuma hajisikii mgeni sokoni. Kinyamwezi na Kisukuma vinasikilizana. Ukisema "mwangaluka" asubuhi utajibiwa, na utaulizwa umetoka wapi, na kabla ya kupimiwa karanga utakuwa umegundua kwamba mwenye karanga ana shemeji Kahama.

Na chakula! Hapa mwandishi anakiri upendeleo. Masika yakianza, uyoga wa msituni hupangwa kwa mafungu kando ya barabara. Asali ya miombo, nyeusi kiasi na yenye ladha ya moshi, huuzwa kwa ujazo wowote unaotaka. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, huliwa na karanga pamoja na chai. Migebuka hupanda treni kutoka Kigoma. Mwisho wa mwaka maembe huwa mengi kiasi kwamba jirani anakuletea ndoo na bado ya kwake yanaozea chini.

Panga kwanza, nunua baadaye

Kosa linalomaliza mikupuo mingi ni kununua nyumba katika ziara ya kwanza. Panga nyumba kwa mwaka mmoja. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita mbele, na hilo si baya, kwa kuwa miezi sita ya mvua na sita ya kiangazi itakuonyesha mji wote: mtaa unaojaa maji, bomba linalokauka, baa inayopiga muziki hadi saa tisa usiku, msikiti au kanisa utakalopenda. Anza na kata zilizo karibu na huduma, kama Cheyo, Kitete, Isevya au Gongoni. Ipuli ni ya kuangaliwa pia. Itetemia, Misha na Kalunde zina maeneo mapana kwa anayetaka bustani na kuku, ila huko maswali ya umiliki huwa marefu zaidi.

Siku ya kuangalia nyumba, nenda jua likiwa kali, uende tena mvua ikinyesha. Dalali atakupokea kwa bashasha: "Shikamoo mzee. Nyumba hii haina shida yoyote, mwenyewe anasafiri tu." Jibu marahaba, kisha muulize mwenyewe yuko wapi na kwa nini hayupo. Halafu chuchumaa. Tazama kona ya chini ya ukuta, chini ya dirisha, nyuma ya mlango wa stoo. Ukiona mstari mwembamba wa udongo unaopanda kutoka kwenye msingi kuelekea juu, ukwangue kwa ufunguo. Ndani ukikuta unyevunyevu na wadudu weupe wanaokimbia mwanga, mchwa wako kazini, na wakishafika kwenye kenchi, bei iliyotajwa ni ya kuta tu. Omba ngazi, ingiza kichwa juu ya dari, gonga mbao. Mbao nzima hulia, iliyoliwa hunyamaza. Rudi chini, fungua bomba, kisha omba namba ya mita ya LUKU, maana tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na malimbikizo ya mwenye nyumba yatakungoja wewe.

Hati ni mambo mengine. Usikubali nakala ya kivuli. Chukua namba ya hati na ukafanye upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa, uone jina la mmiliki, rehani na mazuio. Kama kuna mke au mume, ridhaa yake ni takwa la kisheria, siyo adabu tu. Nyumba ya familia iliyouzwa bila ridhaa hiyo hurudishwa mahakamani, na pesa yako inabaki historia. Kama ni mali ya mirathi, taka kuona barua ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama ndugu wote watano wamekaa mbele yako wakitikisa vichwa. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia, na ushahidi wake una maana kwa sababu anawajua watu, lakini muhuri wake si hati. Asilimia kumi anayoweza kuidai haina sheria nyuma yake.

Swali la kiasi gani cha mkupuo kiingie kwenye nyumba lina ubishi. Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba kisizidi nusu, na kama ulianza kujenga ukiwa kazini, kipungue zaidi. Nusu nyingine ikae mahali panapotoa kipato na pasipohitaji kusimamiwa usiku: mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, au hatifungani za serikali, ambazo huanzia shilingi milioni moja na hulipa kuponi mara mbili kwa mwaka. Ng'ombe? Msukuma hashauriki juu ya ng'ombe. Aweke wachache, awe na mchungaji anayemfahamu, na akumbuke kwamba kiangazi kibaya hakijali mifugo ilinunuliwa kwa pesa gani.

Anayetaka kazi ya mikono ajaribu nyuki. Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki, na misitu ya miombo iliyozunguka mkoa ndiyo inayoufanya ujulikane kwa asali. Mizinga michache katika shamba la rafiki inamtosha kwa majaribio. Msimu wa kwanza hutoa masomo mengi kuliko asali, na hilo ni sawa kwa mtu mwenye muda. Tumbaku tusiipendekeze: ni kazi ya vijana wenye madeni.

Mwezi wa kuhama

Hama Juni au Julai. Barabara za ndani zimekauka, vitanda havilowi juu ya Fuso, na unapata miezi kadhaa ya kuziba paa kabla ya mvua za Novemba. Kabla mizigo haijashushwa yote, nenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa na barua ya utambulisho kutoka ulikotoka, ujiandikishe katika daftari la wakazi. Wiki hiyohiyo fika ofisi ya NSSF ya Tabora, uwaachie namba ya simu mpya na uulize uhakiki wa wastaafu unafanywaje na lini. Pensheni nyingi zinazokatika hukatika kwa sababu mtu hakuhakikiwa, si kwa sababu mfuko umegoma. Fungua faili Kitete ukiwa mzima, ukiwa na ile picha ya kifua.

Tafuta pia chama cha kuzikana cha mtaa na ulipe ada yake mapema. Watu wa Tabora huhudhuria misiba kwa wingi, wakikaa kwenye majamvi chini ya mwembe tangu asubuhi, na mgeni aliyehudhuria misiba mitatu haitwi mgeni tena. Kwa mwanamke aliyestaafu, au mjane wa mfanyakazi, vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa hufanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi, kwa kuwa vinakutana kila wiki.

Nyumba ya Geita usiiuze mwaka wa kwanza. Mpangishe mtu mwenye mkataba wa kazi, kodi iingie benki, na mlezi wa nyumba awe mtu anayelipwa, asiwe ndugu anayeomba tu funguo. Ukifika mwezi wa kumi na mbili bado unaamka bila kutafuta tiketi ya kurudi, hapo ita dalali wa Geita, na umwambie bei unayoitaka wewe.